Mkwe Aliyeingia kwa Mlango wa Mbele

Sampa aliingia kwa mlango wa mbele, na Mama hakukimbia. Hapo ndipo Nkandu alipojua kwamba uchumba wao umekufa kweli.

Kwa miezi mitano Mama alikuwa akimwona Sampa mtaani, hata kwa mbali, anavuka barabara. Siku moja sokoni aliacha nyanya zake kwenye mizani akajificha nyuma ya magunia ya mkaa, mwanamke mzima mwenye wajukuu, kwa sababu tu mkwe wake mtarajiwa alikuwa ananunua vocha ya simu. Sampa naye akimwona Mama aligeuka na kurudi alikotoka. Ndiyo adabu yetu. Mkwe haingii nyumba ya mama mkwe wake, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, mpaka siku wazee watakapomwingiza wenyewe kwa ngoma na pombe. Wenzake Nkandu kwenye timu walikuwa na wachumba waliowavisha pete. Yeye hakuwa na pete. Kukimbia kwa mama yake ndiko kulikokuwa pete yake, na kila Mama alipokimbia, Nkandu alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumapili hii Mama alikaa kwenye kochi, mikono mapajani, akamtazama Sampa kuanzia viatu mpaka kichwa kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

"Karibu," alisema. "Kaa."

Sampa akakaa. Goti lake la kulia halikunjiki vizuri, lilimharibikia zamani akicheza beki, kwa hiyo alilinyoosha mbele kidogo. Nkandu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alilitazama lile goti. Zamani, yaani wiki iliyopita, angeona huruma.

Sahani zilichukuliwa Alhamisi. Mzee Kabaso, mshenga, ndiye aliyezileta miezi mitano nyuma: sahani mbili zimefunikana, ndani mna pesa ya posa na ushanga mweupe, zimefungwa kwa kitambaa. Alhamisi alirudi na koti lile lile la siku ile. Mzee Kabaso aliendesha lifti ya mgodini maisha yake yote, masikio yamekufa, kila anachosema mtaa mzima unasikia. Hakukubali kukaa.

"Nimetumwa vyombo," alisema.

"Vyombo gani?" Mama aliuliza.

"Vile nilivyoleta."

"Kwa sababu gani, mzee wangu?"

"Mimi ni mshenga, mama. Nabeba ninachopewa. Sababu sikupewa ruhusa ya kuibeba."

Mama akafungua kabati akampa.

Hapa mjini Mufulira familia ya msichana ikirudisha sahani, hakuna habari. Hawakumtaka mwanaume, basi. Lakini mwanaume akituma mtu kuchukua sahani zake mwenyewe, watu wanajua jambo moja tu, kwamba ameona kasoro. Kufika jioni mtaa wetu wote wa Kantanshi ulikuwa unaitafuta hiyo kasoro. Wengine walisema Nkandu ana mimba ya mtu. Wengine walisema hazai. Waliosema mimba na waliosema hazai walikuwa wamekaa benchi moja.

Ijumaa mazoezini Memory, mshambuliaji wao, alimkaribia akifunga kamba za viatu.

"Yule bwana alikuja kuniangalia mimi, akaondoka na wewe," Memory alisema. "Sasa hata wewe hakutaki. Tumwite nani, dada? Tumlete kocha?"

Wasichana walicheka. Nkandu naye alicheka, akasikia sauti yake inatoka mahali pengine. Hakuwa amelia hata mara moja, na jambo hilo lilimshangaza. Alikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, shavu lote lina ganzi, anaongea lakini midomo si yake. Alikimbia vizuri siku ile. Alikimbia vizuri kuliko siku zote, kwa sababu hakuna kilichouma.

Na sasa Sampa yuko sebuleni.

"Nimekuja kuzungumza na wazazi wa mchezaji," alisema.

"Mchezaji," Mjomba Chipasha alirudia. Alikuwa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, mwili umejaa kiti chote. Mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake. "Jumatano alikuwa mchumba. Leo mchezaji. Wiki ijayo atakuwa nani kwako, bwana? Jirani?"

"Mzee Chipasha, niko tayari kueleza."

"Eleza. Na uanze na kasoro. Mtaani wanazo nne, chagua moja twende nayo."

"Hana kasoro."

"Kwa hiyo sahani zilitoka humu kwa miguu yake?"

Sampa akapangusa uso kwa kiganja. Alikuwa amekonda. Nkandu aliliona hilo, akalipita.

"Nilizichukua kwa ajili ya kazi," Sampa alisema. "Mnajua kazi yangu. Natafuta vipaji kwa ajili ya klabu moja ya wanawake kule Uswidi. Naangalia wachezaji Zambia, Malawi, wakati mwingine Zimbabwe. Nikiona anayefaa, natuma video na maneno yangu. Wao wanaamua. Safari hii winga wao wa kushoto ameumia, wanataka mtu haraka. Wametazama wengi. Wamemchagua Nkandu. Wanataka aende kwenye majaribio mwezi ujao, na akifaulu, mkataba wa miaka miwili."

Redio ya jirani ilikuwa inapiga kwaya.

"Endelea," alisema Mama.

"Kuna sharti. Msaka vipaji haruhusiwi kumleta mtu wake. Si dada yake, si mchumba wake. Akiwa wake, maneno yake hayahesabiwi, anatumwa mtu mwingine kumwangalia upya. Huyo mwingine atakuja msimu ujao, na nafasi itakuwa imekwenda. Kesho mkubwa wangu atanipigia simu. Mama mmoja anaitwa Annika. Ataniuliza swali moja, kama kuna kitu kati yangu na huyu msichana."

Mjomba akacheka, tumbo likatikisika. "Na huwezi kusema hapana? Mdomo umefungwa kwa waya?"

"Mzee, Mufulira nzima inajua. Kuna mtu ameshawapelekea habari, ndiyo maana anauliza. Mwaka juzi mwenzangu mmoja alidanganya. Wakagundua msichana akiwa tayari amefika uwanja wa ndege wa kule. Walimrudisha na ndege iliyofuata, hata begi hakufungua."

"Na mwenzako?"

"Alipata kazi klabu nyingine." Sampa aliinua macho. "Aliyerudishwa ni msichana. Siku zote anayerudishwa ni msichana."

Macho yake yakaenda mlangoni mwa jikoni. Ndiyo mara ya kwanza tangu aingie. Yalikuwa macho yale yale, mekundu kidogo kwa jua la viwanjani, yenye mikunjo pembeni. Nkandu aliyajua yakicheka, aliyajua yakiomba. Aliyapokea sasa kama anayepokea barua iliyokosea nyumba.

"Hukuniambia," alisema.

"Nilimwomba Mzee Kabaso awaeleze vizuri. Nilimpa maneno yote. Sikujua kwamba atanyamaza."

"Mshenga haelezi!" Mjomba akaruka. "Ulikulia wapi wewe? Mshenga akija kuchukua sahani halafu aanze hadithi, huko ni kutukana nyumba! Kijana wa Lusaka, unatuma mtu kuvunja uchumba kama unavyotuma mtu dukani!"

"Nimekosea, mzee."

"Nimesema hukuniambia mimi," Nkandu alisema.

"Wewe huna sauti kwenye kikao hiki," alisema Mjomba.

"Mwache, Chipasha," Mama alisema. "Amwulize."

Sampa akatazama viatu vyake. "Ningekwambia, ungekataa kwenda. Au ungekubali. Nilikaa siku nzima kwenye gari nikiwaza lipi ni baya zaidi."

"Ukapata?"

"Sikupata."

Nkandu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. Mjomba alitaka kuongeza tusi, Mama akamzuia kwa kidole kimoja. Alisogea mbele kwenye kochi. Alikuwa na maswali yake, na inaonekana alikuwa ameyapanga kanisani.

"Akivunjika mguu kule?"

"Klabu inamtibu, Mama. Imo kwenye mkataba. Nitamletea mtu atakayewasomea, asiwe mimi."

"Anapikiwa na nani?"

"Wanakaa wachezaji watatu nyumba moja. Wanapika wenyewe."

"Huyu? Huyu akichemsha maji yanaungua." Mama hakucheka. "Akifa?"

"Mama jamani," alisema Nkandu.

"Nyamaza. Akifa?"

"Wanamleta nyumbani."

"Unaahidi wewe au wanaahidi wao?"

"Wao. Mimi siwezi kuahidi kitu, Mama. Hata majaribio siwezi kuahidi. Wanaweza kumtazama wakamrudisha."

Mama alilipenda jibu hilo, ilionekana kwa jinsi mabega yake yalivyoshuka. Wanaume wengi walikuwa wamepita kwenye kochi lile wakiahidi.

"Sasa niambie," alisema. "Mimi sijawahi kwenda uwanjani. Nilidhani wanakwenda kukimbia tu, wachoshe miili warudi. Umeona nini kwa mtoto wangu?"

Sampa alifungua mdomo akaufunga. Nkandu alijua kwa nini. Swali hilo mwanaume anaweza kulijibu namna mbili, na hapa aliruhusiwa namna moja tu.

"Nilikuja kumwangalia mwenzake, Memory, yule anayefunga mabao," Sampa alianza, sauti ya kazini. "Kipindi cha kwanza Nkandu akanyang'anywa mpira karibu na goli la wapinzani. Mama, wachezaji wengi wakinyang'anywa mpira wanashika kiuno. Wanamlaumu refa. Wanavuta soksi, ili watu wadhani wameumia. Yeye aligeuka kabla yule mwingine hajautuliza mpira. Akamfuata uwanja mzima, mpaka kwenye kona ya timu yake, akauchukua. Hakuna aliyempigia makofi. Nadhani hakuna aliyeona, kwa sababu watu walikuwa wanamtazama Memory."

"Wewe uliona."

"Mimi niliona. Nikaacha kumtazama Memory. Kabla ya kupokea mpira anatazama bega hili, halafu bega hili, kwa hiyo mpira ukifika ameshajua wote walipo. Hilo halifundishwi ukubwani. Akiwa anataka kupita ndani anainamisha kichwa kidogo, mabeki wa hapa hawajagundua bado, wa kule watagundua, atabidi aache. Akikasirika anacheza vizuri zaidi. Akichoka anashika sikio."

"Sikio la kushoto," alisema Mama.

"La kushoto."

"Tangu mtoto. Akisinzia alikuwa analishika, nalitoa, analishika."

"Na hilo nalo Wazungu wanalilipia?" Mjomba aliuliza.

Hawakumjibu. Mama na Sampa walikuwa wanatazamana, watu wawili waliokuwa wakikimbiana miezi mitano, na Nkandu akaona kwamba wanapendana, mama yake na mwanaume huyu, na kwamba wamejuana leo kwa sababu leo si ndugu. Jambo hilo lingetosha kumliza mtu yeyote. Alingoja alie. Kwenye redio kwaya iliisha, mtangazaji akasoma matangazo ya vifo.

Mama akainuka.

"Chakula kiko tayari," alisema.

Mjomba akageuka na kiti chake. "Dada. Unataka kumlisha huyu?"

"Mtu akifika nyumbani kwangu saa ya kula, anakula. Nkandu, leta maji."

Mama aliingia jikoni akatoka na nshima, ugali wetu, imefunikwa, na kuku, na majani ya maboga yaliyopikwa kwa karanga. Akapanga kwenye meza fupi, mbele ya Sampa, kisha akarudi kukaa palepale kwenye kochi, uso kwa uso naye. Hakwenda zake jikoni. Alikaa, akangoja.

Mama hakuwa mkatili wala hakuwa mjinga. Alikuwa anakabidhi mtoto, na alitaka kujua anayemkabidhi ni nani. Mgeni wa kazi angenawa akala, na kusifu mchuzi. Mkwe hawezi kula mbele ya mama mkwe wake. Hata akiwa na njaa ya wiki nzima hawezi. Sampa akila, amesema mbele ya mjomba wa msichana kwamba hana chochote naye, na kesho akimjibu yule mama wa Uswidi atakuwa anasema kweli. Asipokula, amesema kinyume, na watu wawili wazima wamesikia.

Mjomba Chipasha alikuwa amekaa wima. Hata utani ulikuwa umemwishia.

Nkandu alitoka jikoni na birika la maji mkono mmoja, beseni mkono mwingine, taulo begani. Akapiga magoti mbele ya mgeni, kama alivyofundishwa. Akaweka beseni chini ya mahali mikono yake ilipopaswa kuwa.

Mikono ya Sampa ilibaki magotini.

"Nawa, kijana," alisema Mjomba. "Chakula kinapoa."

Sampa hakunyoosha mikono. Alikuwa anamtazama Nkandu. Walikuwa karibu kuliko siku zote za wiki ile, angeweza kuhesabu kope zake. Nkandu alinusa sabuni yake yenye harufu ya miti, ile ile. Kwenye macho ya Sampa Nkandu akaona jambo limekwisha kuamuliwa. Hatanawa. Ataacha nshima ipoe, atainuka, ataomba radhi kwa wazee, na jioni Mzee Kabaso atarudi na sahani. Atamwoa. Watapanga nyumba Kitwe. Msimu ujao atakuja mtu mwingine kuangalia mawinga, na Nkandu labda atakuwa uwanjani, labda atakuwa na mtoto mgongoni.

Alijua kwamba anapaswa kufurahi. Mwanaume anachoma kazi yake mbele ya kuku wa mama yake. Aliitafuta furaha. Ilikuwepo, mbali sana, kama muziki wa harusi ya mtaa wa tatu.

Kilichokuja kwanza ni kitu kingine, kidogo, kikavu. Alhamisi mtu huyu alikaa kwenye gari lake akaamua peke yake kwamba Nkandu aende. Leo amekaa kwenye kiti chao anaamua peke yake kwamba Nkandu abaki. Mara zote mbili kwa kumpenda. Mara zote mbili bila kumwuliza. Na mimi je, alijiuliza Nkandu, nikiulizwa ningesema nini? Jibu lilikuwepo hapo hapo. Halikumchukua muda hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

"Nyoosha mikono, kaka," alisema.

Neno hilo lilimfika Sampa usoni. Hajawahi kumwita kaka. Msichana hamwiti mchumba wake kaka, hata kwa mzaha.

"Nkandu," alisema chini chini.

"Nyoosha mikono, maji yanamwagika."

Yalikuwa hayajamwagika. Aliinamisha birika, na maji yakaanza kutoka, yakapiga beseni tupu kwa kelele. Sampa akatazama yale maji. Kisha akanyoosha mikono chini yake. Nkandu alimwagia polepole, akamsubiri asugue vidole vyote, akampa taulo. Alipoinuka alimwona Mama amefumba macho, kisha akayafumbua.

"Karibu chakula, mwanangu," Mama alisema. Alichukua kijiko akamwekea Sampa firigisi, ile ambayo humu ndani huliwa na Mjomba tu.

Mjomba aliifuata ile firigisi kwa macho mpaka kwenye sahani. "Haya," alisema kwa huzuni ya kweli. "Haya basi. Ndiyo mambo ya mpira hayo."

Sampa alimega tonge. Alilifinyanga muda mrefu. Akalichovya, akalipeleka mdomoni mbele ya Mama, akatafuna, akameza. Akamega jingine.

"Chakula kizuri, Mama," alisema.

"Kula."

Alikula chote. Hakuinua uso. Nkandu alisimama mlangoni mwa jikoni akimtazama mpaka tonge la mwisho, kama anavyotazama mechi ambayo matokeo yake yanajulikana. Sampa alipomaliza alinawa tena, safari hii mikono ilikuja yenyewe.

Mjomba alikohoa. "Kwa upande wangu sina neno," alisema. "Lakini karatasi atazisoma mwanasheria wa kanisani, si wewe. Na mtaani utapita mwenyewe, nyumba kwa nyumba, useme mtoto wetu hana kasoro. Kwa mdomo wako. Si kwa mshenga."

"Nitapita."

"Anza na benchi lile la kina mama."

"Nitaanza nao."

"Dada?" Mjomba alimgeukia dada yake.

"Aende," alisema Mama. Kisha akaongeza, akimtazama Nkandu, "Kama anataka. Unataka?"

"Nataka, Mama."

Nkandu alimsindikiza mpaka getini, kwa sababu mgeni husindikizwa. Jua lilikuwa kali bado. Kina mama wa benchi walikuwa kwenye benchi lao, ng'ambo ya barabara, wameacha hata kusukana.

"Nilikuwa sinawi," Sampa alisema.

"Niliona."

"Ungeniacha kidogo tu, ningeinuka."

"Ndiyo maana sikukuacha."

Sampa alishika nondo za geti. "Ulikuwa hutaki niinuke?"

"Nilikuwa nataka," Nkandu alisema. "Hilo nalo nililiona, ndani yangu."

Sampa alikuwa na alama ya mchuzi kwenye mkono wa shati. Wiki iliyopita Nkandu angelowesha kidole akaifuta.

"Unanichukia?"

"Sijui. Sisikii kitu, Sampa. Tangu Alhamisi. Nikianza kusikia nitakuwa nimeshafika huko, na wewe utakuwa huku."

"Nitaacha kazi. Ukishatulia kule, ukishapata mkataba, nitaacha. Halafu nitamtuma Mzee Kabaso upya, na nitakuja mimi mwenyewe kwa Mjomba nipige magoti..."

"Usiniambie utakachofanya kwa ajili yangu. Wiki hii umefanya vya kutosha."

Mmoja wa wale kina mama alikohoa ili wajue wapo.

"Kesho yule mama wa Uswidi akikuuliza, utasema nini?" Nkandu aliuliza.

"Nitasema hapana. Hakuna kitu."

"Sauti isitetemeke."

"Na kama inatetemeka?"

"Haitatetemeka. Nimekufanyia iwe kweli."

Alimpa mkono, kama wachezaji wanavyopeana baada ya filimbi, haraka, macho pembeni. Mkono wa Sampa ulikuwa bado na unyevunyevu. Ulishika kwa nguvu zaidi kuliko ilivyofaa, na Nkandu akauvuta wake pole pole mpaka ukatoka. Sampa akavuka barabara, goti lake gumu likimchelewesha, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la kina mama. Akavua kofia. Nkandu hakungoja kusikia. Alifunga geti.

Ndani Mjomba alikuwa amekwenda kulala. Mama alikuwa anakusanya vyombo. Hakumwuliza kitu. Alimtazama uso, akatafuta machozi, hakuyaona, na kutoyaona kukamwogopesha kuliko kama angeyaona.

"Kaa kidogo," alisema.

Nkandu akakaa. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kile cha Sampa, bado kina joto.

"Hujala tangu asubuhi."

"Sina njaa, Mama."

"Najua."

Mama alisogeza bakuli la nshima iliyobaki, na shingo ya kuku, na majani. Kesho kulikuwa na mazoezi, na baada ya mazoezi mechi, na mwezi ujao majaribio mahali ambako hakuna mtu hata mmoja atakayejua anashika sikio kwa nini. Nkandu alinawa. Alimega tonge. Halikuwa na ladha, lakini aliliweka mdomoni, akatafuna, akameza, akamega jingine, na Mama alikaa mbele yake akimtazama mpaka akamaliza.